Kipande cha Sweta Ndani ya Giaboksi

Akoth mwanangu,

Umeenda Obunga kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia utoke kabla hujala mara mbili. Kwa hivyo nina muda wa kuandika. Mambo ya safari sitayagusa. Tangu Jumatatu kila anayeingia hapa anakuambia pasipoti uiweke wapi na ukifika uwanja wa ndege umfuate nani, na wewe unaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia redio ya jirani. Mimi nina jambo moja tu. Nilipaswa kukuambia miaka saba iliyopita, ukiwa na miaka kumi na miwili.

Barua ya chuo cha Bondo bado iko kwenye droo ya kabati. Ilipokuja, nilidhani utaruka. Uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukarudi kuosha vyombo. Nilipokuuliza utaripoti lini, ulinijibu bila kugeuka: "Bondo siendi, Mama. Huko kuna mtu alinikataa mbele ya watu wote."

Nilijua unamsema nani. Nilijua pia kwamba hakukukataa, na nilijua kwa nini najua. Nikakuambia maji ya chai yamechemka. Mwezi mmoja baadaye ulikuwa umeweka sahihi ya kwenda Uarabuni kufagia vyumba vya hoteli kwa miaka miwili, na juzi nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwa simu kwamba hiyo miwili ikiisha utaongeza mingine, kwa sababu huku huna cha kurudia.

Nitaanza na kazi yangu, kwa sababu bila kuieleza hutaelewa kosa langu. Umekulia ndani ya gereji lakini sikuwahi kukufundisha. Nilitaka mikono yako ibaki safi.

Gari la otomatiki hubadilisha gia kwa nguvu ya mafuta. Ndani ya giaboksi kuna sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, na mafuta yakisukumwa kwa nguvu yanazibana pamoja. Zikibanana, tunasema gia imeshika. Mafuta hayo hupita kwenye bamba lenye matundu madogo, na ukubwa wa tundu ndio unaoamua gia itashika upesi au polepole. Kiwandani huyafanya matundu madogo ili gia iingie taratibu, abiria asihisi kitu. Anayenunua gari jipya hataki kuisikia gia. Lakini sisi tunayapata magari hayo yakiwa na miaka ishirini, sahani zimechakaa, na huo utaratibu unageuka kuwa kuteleza. Unatoka gia ya pili, ya tatu haijashika, injini inanguruma na gari haliendi. Katika huo muda mfupi sahani zinasuguana na kuungua. Kwa hivyo unafungua, unapanua tundu kidogo kwa drili, unaweka springi ngumu zaidi, na gia inashika pale pale, kwa nguvu, bila kusitasita.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu. Wale wanaume wa gereji za jirani walinicheka kwanza, kisha wakaanza kuniletea magari yaliyowashinda, huku bado wakicheka. Walikuwa wakiwaambia wateja, "Ukitoka kwa Mama Akoth, shika kofia, na chai usinywe njiani." Nilipenda sana utani huo. Nilipenda kitu kinachoamua mara moja. Hata nyumbani nilikuwa hivyo, unajua. Ukiniuliza kitu, jibu ni ndiyo au hapana kabla hujamaliza kuuliza. Niliolewa hivyo hivyo, na baba yako alipohamia kwa yule mwanamke wa Nyamasaria, nilizitoa nguo zake mlangoni siku hiyo hiyo.

Fundi Juma, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko zote. Ndani ya giaboksi ya otomatiki hakuingii kitambaa. Injini unaweza kuifuta kwa fulana kuukuu, breki pia, lakini giaboksi unaiosha kwa petroli na kuiacha ikauke kwa upepo. Ukiifuta, nyuzi zinabaki. Nyuzi zinafuata mafuta mpaka kwenye chujio lililo chini, zinaliziba, pampu inakosa mafuta, na gia zote zinaachia kwa pamoja. Na ubaya wake, alisema, ni kwamba ukizima injini ule uchafu unaanguka kutoka kwenye chujio. Ukingoja kidogo na kuwasha, gari linatembea kama halikuwa na shida yoyote. "Utaapa ni majini," aliniambia, "kumbe ni fulana."

Sasa nije kwa baba yako.

Aliporudi kwetu alikuwa tayari mgonjwa. Nilimpokea, nikamtandikia kitanda cha sebuleni, lakini sikukuuliza wewe kama uko tayari kumpokea. Ulikuwa unapita karibu na kitanda kile ukienda shule na ukirudi, na hukumsalimia. Alikuwa ananyoosha mkono kila asubuhi, nawe unaupita. Mimi niliona. Nilikuwa na uwezo wa kukukataza, na pia nilikuwa na uwezo wa kumwambia yeye kwamba mkono peke yake hautoshi, kwamba mtoto huyu alikaa mwaka mzima akiwaambia walimu baba yake yuko safarini. Sikusema lolote kwa yeyote. Ndani yangu nilikuwa nafurahi kidogo, Akoth. Ulikuwa unanifanyia hasira ambayo mimi, kama mke, nilitakiwa niwe nimeimaliza.

Alikufa wiki ya sita, hospitalini, hujamshika mkono.

Maiti ilikaa chumba cha maiti siku tisa tukisubiri ndugu. Mzee Omolo, yule mwenye gari refu jeupe la kubebea majeneza, alikuja kutoa pole. Akasema atambeba baba yako mpaka nyumbani kwao ng'ambo ya Bondo, na hataki kitu, kwa kuwa nimemtengenezea magari yake miaka mingi. Halafu akakuna kichwa, akasema kuna tatizo dogo. Gari likijaa watu na jeneza, gia ya tatu inachelewa kushika. Kwenye mlima linanguruma tu. Alikuwa na aibu kuniomba wakati kama ule, na akasema atatafuta fundi mwingine.

Ningemwacha atafute. Mjane hukaa. Watu wanakuja, wanamkuta ameketi, wanalia naye. Hatoki kwenda kulala chini ya gari huku mumewe hajazikwa. Kama watu wa kwao wangesikia nimeshika spana wiki ile, wangesema nilikuwa nasubiri afe. Lakini nilijisemea kwamba jambo moja nitalifanya kwa mtu huyu, jambo ninaloliweza kuliko mtu yeyote Kisumu. Ataenda kwao bila gari kusitasita, bila watu kushuka kusukuma. Nikawaambia waombolezaji naenda kufuatilia cheti cha mazishi. Nikaenda gereji, nikafunga lango kwa ndani.

Kazi ya siku mbili niliifanya kwa mchana mmoja. Nilipanua matundu, nikabadilisha springi, nikaosha kila kitu kwa petroli. Halafu ilibidi kukauka. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka ziwani, hewa ilikuwa nzito, hakuna kilichokuwa kinakauka, na mimi nilitakiwa nyumbani. Nikaingiza mkono kwenye debe la matambara bila kuangalia, nikatoa kitu, nikafuta. Nikafunga.

Nikalijaribu gari. Unajua nilielekea wapi? Nyamasaria. Kuna barabara nyingi mjini za kujaribia gari, na mimi nilikwenda huko, likiwa tupu, bila mzigo, ili nipite mbele ya lango la yule mwanamke. Gia ya tatu ilishika pale pale langoni kwake, kwa nguvu, kiti kikanisukuma mgongo. Nilijisikia mshindi. Nikarudi. Sikulijaribu kwa muda wa kutosha wala kwa uzito wa kutosha, kwa sababu nilichotaka kujaribu hakikuwa gari.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako, lakini hukuyaona kutoka nilipokaa mimi.

Nilikaa mbele, pembeni ya Mzee Omolo, jeneza nyuma yetu. Wewe ulikuwa kwenye gari la pili na binamu zako. Kutoka Kisumu mpaka Kisian, mpaka Ndori, mpaka Bondo mjini, gia zilikuwa zinashika vizuri kiasi kwamba Mzee Omolo alinitazama mara mbili akitabasamu, kisha akakumbuka tuko msibani. Tulipoacha lami na kuingia njia ya murram, kwenye kile kilima kabla ya soko, nikasikia. Injini ilipanda sauti na gari likabaki nyuma ya sauti hiyo. Tukasimama katikati ya njia. Akakanyaga mafuta, ikanguruma bure. Akaniinamia.

"Mama Akoth, gia imepotea. Zote."

"Zima," nikamwambia. "Usiwashe mpaka nikuambie."

Kabla mlango haujafunguliwa nilishajua. Sikujua ni kitu gani kimeziba chujio, ila nilijua limeziba, na nilijua dawa yake. Kuzima na kungoja, dakika ishirini hivi. Nilichohitaji ni watu wasimame pale kwa dakika ishirini bila kuuliza.

Ndipo baba yako mdogo, Ochieng', aliposhuka kutoka gari la nyuma na kuanza kulizunguka lile gari refu kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Gari ndio imekataa, ama ni mwenyewe amekataa?"

 Umezoea kusikia habari hizi, kwamba marehemu mwenye neno moyoni hakubali kufika kwake mpaka neno hilo litolewe. Ochieng' hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa anaamini. Na aliyajua ya sebuleni kwetu, kwa sababu kaka yake alimwambia. Akasema kuna mtu katika msafara huu ambaye marehemu alimnyooshea mkono na mkono ukarudi mtupu. Sikugeuka, lakini nilisikia mlango wa gari la pili ukifunguliwa.

Walikuleta ukiwa umeshika pindo la gauni lako. Wakafungua nyuma ya gari. Ochieng' akasema, "Mtoto, msalimie baba yako. Ama tulale hapa."

Ulinitazama mimi, Akoth.

Ulinitazama kwa muda mrefu, na nilielewa unaniuliza nini. Nilikuwa na neno moja la kusema. Giaboksi. Ningelisema, ungerudi kwenye gari lako, na mimi ningesimama mbele ya ukoo mzima kama mjane aliyekuwa akifungua bolti huku mumewe amelala kwenye barafu. Na jina langu kama fundi lingekwisha siku hiyo hiyo. Hayo yote niliyapima. Mimi niliyejulikana kwa kitu kinachoamua upesi, nilisitasita, na katika huo muda wa kusitasita wewe ukaungua.

Nilikuambia, "Fanya anavyosema baba yako mdogo."

Ukaweka kiganja juu ya jeneza. Ukasema, "Amosi, Baba," yaani nakusalimu, kwa Kijaluo. Ochieng' akasema hakusikia. Ukarudia. Akasema tena. Mara ya tatu sauti yako ilikatika katikati, na wanawake wakaanza kulia, na mmoja akasema afadhali, sasa amesikia. Walikutaka uombe msamaha kwa majina yake yote. Ulikuwa hujui majina yake yote. Walikuwa wanakutajia na wewe unafuata.

Mimi nilikuwa natazama saa ya Mzee Omolo.

Hilo ndilo ninalotaka ulijue hata kama barua yote nyingine utaitupa. Nilihitaji dakika ishirini, na wewe ndiwe uliyenipa. Zilipofika nikamgusa Mzee Omolo mkononi, akawasha, akaweka gia, ikashika kwa kishindo kama nilivyoitengeneza. Watu wakapiga makofi. Ochieng' akakufuta uso kwa leso yake, akakuambia, "Umeona? Alikuwa anakungojea wewe tu." Na wewe ukaamini, kwa nini usiamini? Uliona gari limekataa, ukaona mkono wako umelisogeza. Lakini kuamini kwamba alikubali kwa ajili yako kulikuwa ni kuamini pia kwamba kabla ya hapo alikukataa. Watu walibeba imani ile ya kwanza. Wewe ulibeba ya pili.

Wiki tatu baada ya mazishi Mzee Omolo alinirudishia gari. Limesimama tena, mara hii likiwa tupu, bila marehemu yeyote ndani wa kulaumiwa. Nililifungua peke yangu. Kwenye chujio kulikuwa na kipande cha sufi cha ukubwa wa kiganja, cha rangi ya damu ya mzee, nyuzi zimetawanyika pande zote. Ilikuwa sweta yako ya shule ya darasa la nne, ile iliyokubana makwapani. Nilikuwa nimeichana mwenyewe na kuitupa kwenye debe la matambara, na siku ile nilipofuta kwa haraka kipande kikabaki ndani.

Nilikaa chini pale gereji nikicheka na kulia kama mwehu. Kwa dakika chache hata mimi, ninayejua chujio ni nini, nilijiuliza kama hiyo si ishara, kwamba kati ya matambara yote litoke lako. Usijiulize hivyo. Nimelifikiria miaka saba. Lilikuwa tambara la juu, nami nilikuwa na haraka. Basi.

Mzee Omolo aliniuliza ni nini. Nikamwonyesha. Akasema, "Mama, huyo mtoto umwambie." Nikasema nitakuambia. Alikuwa ananiuliza kila tulipokutana, mpaka akachoka, na mwaka jana na yeye tumemzika. Sasa anayejua ni mimi peke yangu.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni nilisema bado u mdogo. Halafu nikasema una mitihani. Halafu ukaacha kwenda kaburini na mimi nikaiita hiyo tabia yako. Ochieng' alipokuja na kusema mtoto huyu ana moyo mgumu, nilimkaribisha chai. Kila mwaka ulipoongezeka, neno lile lile moja lilizidi kuwa zito, mpaka nikawa nasubiri siku ambayo halitahitajika tena. Siku hiyo karibu ifike. Kesho saa moja asubuhi basi linaondoka.

Kuhusu gia ngumu, nataka nikuambie kitu ambacho sijawaambia wateja. Ukiifanya ishike kwa nguvu kupita kiasi, kile kishindo hakipotei. Kinakwenda mahali. Kinapita kwenye shafti, kinapita kwenye maungio, na siku moja kitu kilicho mbali kabisa na giaboksi kinavunjika, na mwenye gari anashangaa kimevunjwa na nini. Siku hizi napanua matundu kwa kiasi kidogo kuliko zamani. Wateja wanalalamika kwamba mkono wangu umezeeka. Nakausha kwa upepo, hata ikichukua siku mbili.

Sikuandikii ili ubaki. Najua umetia sahihi, na najua barua ya kabatini tarehe yake ilishapita. Nilikwenda Bondo wiki iliyopita bila kukuambia, nikauliza ofisini kama nafasi inaweza kungoja. Yule dada alinijibu kwa upole kwamba wengine wameshaingia mahali pako. Labda mwaka ujao, ukiomba upya. Niliandika hilo neno "labda" nyuma ya ile barua yako. Sijui kwa nini. Nilipotoka nilichukua pikipiki mpaka kwenye kile kilima kabla ya soko. Siku hizi kuna lami. Nilisimama pale nikamwambia baba yako, kwa sauti, kwamba lilikuwa tambara. Mwenye pikipiki alidhani nazungumza na simu.

Nilipanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa juu mawinguni ambako huwezi kunitazama. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na mpango huo. Lakini hapa mwisho naona ni kuzima na kungoja vilevile, ni kutafuta tena watu wa kusimama njiani wakati mimi natazama saa. Kwa hivyo sitaificha. Utaikuta mezani utakaporudi kutoka kwa shangazi yako, pamoja na ule mkebe wa maziwa ya unga. Ndani yake kuna kipande cha sweta. Nilikihifadhi. Kinanuka mafuta bado, na ukikikunjua utaona mshono wa kiwiko nilioushona mwenyewe.

Nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti cha sebuleni, mahali kilipokuwa kitanda. Soma polepole. Sitauliza umefika wapi. Ukimaliza nitanyoosha mkono. Nimeuosha, ingawa unajua kucha hazitakati.

Sitarajii uushike, Akoth. Ukiupita uende chumbani kufunga mkoba wako, hakuna mtu atakayekulaumu mbele ya watu, leo wala siku nyingine yoyote. Nitaendelea kuunyoosha tu.

Mama yako